Siwema na Zaina Walivyogawana Dawa

Siku mliponiaga pale kituoni, mmoja wenu aliniuliza kama katika miaka yangu yote ya maabara kuna jambo lililonishinda kulielewa. Keki ilikuwa inakatwa, watu wameshika sahani, nikasema hakuna, nikala keki yangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuanza hadithi ambayo hata mimi nikiisimulia hupotea katikati. Sasa nimekaa tu nyumbani hapa Kibiti, magoti yananiuma na muda ninao, basi nawajibu. Lililonishinda ni ndugu wawili wa tumbo moja, Siwema na Zaina wa Nyamwage, na maradhi yao ya ukoma. Kijidudu kilikuwa kile kile, nyumba moja, sinia moja, na miili yao ikafanya mambo mawili ambayo mpaka leo nikiyaweka pamoja hayakai.

Nanyi msinicheke. Mnasoma vyuoni mambo ya vipokezi na ishara za kinga, mnavitaja kwa majina na namba kama mnavyotaja wachezaji wa mpira. Sisi tulikuwa na kioo, wembe na chupa za rangi.

Darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo cha duara kwa chini. Unaisogeza dirishani, unakigeuza kioo taratibu mpaka kikamate jua. Wingu likipita, kazi imesimama. Wakati wa masika niliweza kukaa asubuhi nzima nimekunja mikono, na wagonjwa kwenye benchi wanaambiana, "Huyu dada leo hapimi, anasubiri jua," kwa sauti ile ile mtu anayosemea uvivu wa mkwe wake. Nilikasirika mwanzoni. Baadaye nikawa natoka nje nawaambia mimi mwenyewe, jamani rudini mchana, mbingu zimeziba.

Mafuta ya kudondoshea lenzi ya darubini yalipoisha, Mzee Matimbwa aliniletea chupa ya mafuta ya ufuta kutoka Ikwiriri, safi, yamekamuliwa jana yake. "Mafuta ni mafuta," akasema. Kuona tuliona, kwa ukungu ukungu. Kesho yake asubuhi nikakuta sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani mpaka kwenye lenzi, na vioo vya makohozi nilivyoviacha mezani vimelambwa vikawa vyeupe. Nikamwambia, "Mzee, sisimizi wa Kibiti wameshakula kifua kikuu chote." Hakucheka. Alitafuta makopo manne, akayatia maji, akasimamisha miguu ya meza humo. Nilipostaafu ile meza bado ilikuwa inaoga miguu.

Huyo Mzee Matimbwa ndiye aliyenifunda kazi, japo kwenye karatasi hakuwa mkubwa wangu. Alikuwa muuguzi wa kifua kikuu na ukoma, Mndengereko wa hapa hapa, anaendesha pikipiki kwenye mchanga huku helmeti imekaa juu ya baraghashia. Mwenye maneno machache kuliko yeye sijamwona. Ukimuuliza jambo na halijui, anasema halijui, basi, anaendelea na kazi yake. Mimi nilikuwa binti mwenye maswali mengi, na nadhani nilimchosha sana.

Alinifundisha kuchukua ukoma kutoka kwenye sikio. Hebu sikilizeni, maana hili siku hizi mnalifanya ovyo. Bana ndewe ya sikio kwa vidole viwili mpaka ipauke. Ikipauka, damu imekimbia. Hapo chanja kidogo kwa wembe, geuza wembe, kwangua, usikate. Ukiona damu imejaa, umebana kivivu, anza upya upande wa pili na umwombe mgonjwa radhi. Unachokwangua unapaka kwenye kioo, unapitisha juu ya moto, unamwaga rangi nyekundu, unapasha kwa chini mpaka itoe mvuke bila kuchemka. Vijidudu vya ukoo huu, vya ukoma na vya kifua kikuu, vina ngozi yenye nta. Rangi ikishaingia hata uoshe na tindikali haitoki, ndiyo maana vyote vingine vinabaki bluu na vyenyewe vyekundu.

Mara moja kwa mwezi tulivuka mto kwenda kliniki ya Nyamwage. Nasema tulivuka kwa sababu daraja halikuwepo. Ilikuwa pantoni pale Ndundu, na pantoni ilikuwa na hiari yake. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa sabuni na vitenge, mitumba ikamwagwa chini kila gulio, mabasi ya watu binafsi yakaongezeka barabara ya kusini. Hospitalini nako tukaanza kusikia habari za wananchi kuchangia gharama za matibabu. Nilichoshindwa kuelewa ni kwamba kila kitu kilipatikana dukani isipokuwa kile kilichotakiwa kuwepo kwenye stoo yetu.

Siwema alikuja kliniki na baka mkono wa kulia, chini ya kiwiko, rangi imefifia. Mzee Matimbwa akamwambia afumbe macho, akamgusa kwa pamba. Akigusa begani Siwema anaonyesha kwa kidole. Akigusa kwenye baka, Siwema anangoja.

"Mbona hugusi?" akauliza.

"Nimeshagusa," Mzee akasema.

Zaina, dada yake mkubwa, alikuwa amemsindikiza tu. Alisimama mlangoni na kapu, anacheka, afya tele. Mzee Matimbwa hakumtazama usoni, alimtazama masikio. Yalikuwa mazito, yanang'aa, na nyusi zake zimepungua nchani. "Na wewe mama kaa hapo," akamwambia. Zaina akakaa kwa utani, akidhani anapewa kiti.

Nikachukua kwa wote wawili. Jua lilikuwa zuri siku niliyopima. Kioo cha Siwema nilikizunguka chote, hakuna kitu, bluu tupu. Cha Zaina nilipoinamisha jicho tu nikaliondoa, nikadhani kuna uchafu. Vilikuwa vimejaa, mafungu mafungu, vyekundu kila nilipogeuza.

"Umechanganya vioo," Mzee Matimbwa akasema.

"Sijachanganya."

"Rudia."

Nikarudia kliniki iliyofuata, masikio mengine, wembe mwingine. Majibu yakawa yale yale. Mwenye baka na ganzi hana kijidudu cha kuonekana, na mwenye afya anacheka na msitu mzima wa vijidudu mwilini.

"Sasa nani mgonjwa zaidi?" nikamuuliza.

"Wote wagonjwa."

"Lakini Siwema hana kitu."

"Anacho. Mwili wake unapigana navyo, umevipunguza mpaka huvioni. Lile baka ndio uwanja wa vita. Zaina mwili wake haupigani, umekaa navyo kama wageni."

"Kwa nini wa huyu upigane na wa huyu ukae kimya? Wamenyonya titi moja."

Alikuwa anafunga sanduku kwenye pikipiki kwa mpira. Alifunga mpaka akamaliza. "Mimi sijui," akasema. "Na aliyenifundisha hakujua. Panda twende, pantoni haitusubiri."

Sasa niwaambie Siwema alikuwa nani, ili mjue ninachokililia. Mumewe alimwacha baka lilipoonekana. Alikuwa na watoto, na mama yake hajiwezi, na wote hao walikula kwa vidole vya Siwema. Alisuka mikeka ya ukindu, ile ya rangi, anaitandika kando ya barabara, na abiria wa mabasi wanaoshuka kunyoosha miguu wanachukua kwenda nayo Dar. Nilimwona akisuka bila kutazama, anasengenya na kusuka kwa wakati mmoja, ukili, ule msuko mrefu wa kuungia mkeka, unamtoka mapajani umenyooka. Alininyooshea huo mkono siku moja akaniambia, "Dada, huu ndio mume niliyebaki naye. Mwangalieni vizuri."

Na niwaambie pia jinsi walivyokuwa hao ndugu. Mama yao aliwalea kwamba hakuna anayekula kitu peke yake. Muwa ukipatikana unavunjwa katikati. Habari za Zaina zilipojulikana kijijini, shangazi mmoja akamtengea sahani yake ya bati ale pembeni. Siwema akaichukua ile sahani, akamwaga wali wa dada yake kwenye sinia, akanawa, akala naye. Watu wengine wakanyanyuka mmoja mmoja. Tangu siku ile sinia lilikuwa la watu wawili, na chochote kilichoingia kwenye kapu la mmoja kiligawanywa nusu kwa nusu. Mzee Matimbwa alipoambiwa alifurahi sana, akawa anawasimulia wagonjwa wengine kama mfano. Mimi pia nilifurahi.

Tukawapa dawa, kila mmoja pakiti zake. Za Zaina zilikuwa na aina moja zaidi, klofazimini, ile inayogeuza ngozi kuwa nyeusi yenye wekundu kidogo, kwa sababu vijidudu vyake vilikuwa vingi. Tukawapa za kutosha, maana msimu wa mpunga ulikuwa umefika na wao, kama watu wote wa kule, walihamia bondeni. Mnalijua dungu, kibanda juu ya nguzo katikati ya shamba. Mchana unaamia ndege, unawafukuza wasile mpunga. Usiku unasikilizia nguruwe. Wanazungusha kamba pembeni mwa shamba, wanaifunga makopo yenye kokoto karibu na dungu. Nguruwe akigusa kamba kule mwisho, makopo yanalia huku juu, mtu anaamka anapiga kelele na kurusha mawe. Lishikeni hilo la kamba, nitalirudia.

Waliporudi kliniki sikumtambua Siwema alivyokuwa amekunja uso. Baka lilikuwa limevimba, jekundu, la moto ukiligusa. Mzee Matimbwa akapapasa nyuma ya kiwiko, pale mshipa wa fahamu unapopita, na Siwema akavuta mkono kwa uchungu. Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vimejikunja. Akajaribu kushika uzi wa ukindu mbele yetu, ukamponyoka. Zaina kando yake alikuwa amenawiri, masikio yameanza kuwa laini.

"Kabla ya dawa yenu nilikuwa na baka na mkono," Siwema akasema. "Sasa nina baka na mkono sina. Zichukueni."

"Ukiziacha utaupoteza kabisa," Mzee akamwambia.

"Ninaupoteza nikizinywa."

Nami moyoni nilikuwa upande wake. Nilimvuta Mzee pembeni nikamuuliza imekuwaje, mtu anapona anaharibika. Akanieleza kwa maneno machache yale yale. Dawa inaua vijidudu. Vinapokufa vinapasuka, na mwili wa Siwema, ambao tangu mwanzo ulikuwa na wepesi wa kuvisikia, umesikia mabaki yake yote kwa mkupuo. Umeamka kwa hasira. Unapigana humo humo ndani ya mshipa wa fahamu, na mshipa ndio unaofinywa. Alinihesabia kwa vidole mambo ya kufanya: asiache dawa, mkono ufungwe gango la ubao upumzike, na apate prednisoloni haraka, ya kutuliza ile vita kabla mshipa haujafa.

"Kwa hiyo tunamtibu kinga yake mwenyewe," nikasema.

"Tunaituliza."

"Kinga si ndiyo inayomlinda?"

"Ndiyo."

"Sasa..."

"Nenda Ikwiriri kesho," akasema, "stoo yetu haina."

Nikaenda. Duka la dawa lilikuwa jipya, limefunguliwa kati ya mashine ya kukoboa mpunga na nyumba ya wageni, makabati ya kioo, feni inazunguka. Nikasema nataka prednisoloni. Muuzaji akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Vile vya kunenepa? Dada, mbona wewe umejaaliwa tayari?"

Ndivyo nilivyojua kwamba vidonge nilivyovisafiria kuokoa mkono wa mtu vilikuwa vinanunuliwa na mabibi harusi wa Ikwiriri ili wajae mashavu. Nilimweleza ni dawa kali, inalaza kinga ya mwili, mtu akiinywa ovyo anaweza kuamshiwa hata kifua kikuu kilicholala. Akanisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Sawa, lakini wanaridhika nayo." Nikachukua vidonge vyangu, nikavuka pantoni nimevifunga kwenye pindo la kanga.

Mzee Matimbwa alimwelekeza Siwema kutwa nzima. Aanze na vingi, apunguze taratibu kila tukionana, asikatishe ghafla hata akijisikia mzima. Ale kwanza ndipo ameze. Mkono ukae kwenye gango usiku. Siwema akarudia yote kwa mpangilio, hakukosea hata moja. Maelekezo yalikuwa mazuri, ningeyasikia leo ningeyapa alama zote. Hakuna kitabu kilichotuambia tuongeze kwamba asimgawie dada yake.

Mwezi wa kwanza vidole vilifunguka kidogo. Akashika uzi wa ukindu mbele yetu, akausuka mara mbili tatu, na Mzee Matimbwa akageukia ukutani akajifanya anatafuta kalamu. Mwezi wa pili havikusogea. Uchungu ulikuwa unarudi kwenye kiwiko. Mzee akapapasa mshipa, akapapasa tena, akauliza kama anameza. Anameza. Vyote? Vimekwisha vyote, wallahi. Tukarudi Kibiti, na mimi nikaanza kuzitilia shaka dawa za lile duka, na feni yake na makabati yake. Tuliwaza kila kitu. Tuliwaza labda vimeisha muda, labda ni bandia, labda mwili wa Siwema una jambo lingine tusilolijua. Siku zile nilikuwa nalala nikiuona ule uzi wa ukindu unamponyoka.

Kliniki iliyofuata walikuja wote wawili. Nilikuwa mezani naandika majina, nikainua macho, nikaona watu wawili wenye mashavu yamejaa, wa duara kabisa, weusi wenye wekundu, wamesimama mlangoni wananitazama. Kwa dakika nzima sikujua yupi ni yupi. Nikamwita Mzee. Akaja, akasimama, akavua helmeti.

Tulimpa prednisoloni mtu mmoja, na mashavu yalikuwa manne. Tulimpa klofazimini mtu mmoja, na ngozi nyeusi zilikuwa mbili.

"Mnazitunza wapi dawa?" Mzee akauliza polepole.

"Kwenye kopo," Zaina akasema.

"Kopo la nani?"

"La kwetu."

Walikuwa wamemimina zote pamoja kule dunguni, za pakiti na za dukani, na kila asubuhi baada ya uji wanamimina kitandani wanagawana. Kidonge hiki changu, hiki chako. Kikibaki kimoja kinakatwa kwa kisu.

Nilitegemea Mzee afoke. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa. "Siwema," akasema, "mimi nilikwambia ni dawa yako."

"Nilisikia."

"Mbona umempa Zaina?"

Siwema akaanza kulia, na alikuwa mtu asiyelia. "Watu wote wamemtenga kwa sahani. Na mimi nimtenge kwa dawa? Nimeze yeye akinitazama?"

Zaina naye akadakia. "Vidonge vilikuwa vingi, vinamchoma tumbo. Nilikuwa nampunguzia."

"Lakini kila mmoja ana ugonjwa wake," Mzee akasema.

"Si ulituambia ni ugonjwa mmoja?" Siwema akauliza. "Ulituambia kijidudu ni kimoja, kimetoka sehemu moja. Dawa zake zitakuwaje mbili?"

Mzee Matimbwa akafungua mdomo. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama sanduku langu la vioo, ambalo ndilo kwanza lilianzisha matatizo yote haya. "Ni kimoja," akasema mwishowe. "Miili ndiyo miwili."

"Hata mwili wetu tumeupata sehemu moja," Siwema akasema.

Nilimwonea huruma Siwema mpaka nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani. Alikuwa anaupoteza mkono kwa kumpenda dada yake, na ukimwambia aache kupenda namna hiyo anakuwa kama wale walionyanyuka kwenye sinia.

Mzee Matimbwa ndiye aliyepata njia, na hii ndiyo naomba muichukue, maana haimo kwenye mitaala yenu. Hakuwakataza kugawana. Aliomba makopo mawili. La dawa za Siwema akampa Zaina. La dawa za Zaina akampa Siwema. "Wewe Zaina," akasema, "ndiye unayeshika mkono wa mdogo wako. Asubuhi unampa chake, unamtazama mpaka kimepita kooni. Usikionje, hicho ni mkono wake. Na wewe Siwema unampa dada yako za kwake, ukila moja umemwibia." Wakatazamana. Zaina akalipokea kopo kwa mikono miwili. Prednisoloni yenyewe aliyoizoea Zaina ilibidi tumpunguzie naye taratibu, maana haikatishwi ghafla hata kwa aliyeinywa kwa upendo.

Tangu siku ile hakuna kidonge kilichopotea njia. Wagonjwa wengine wa Nyamwage wakaiga, mume na mke, mama na mwana, kila mmoja kashika kopo la mwenzake. Vidole vya Siwema vikaanza tena kufunguka. Cha jirani kilirudi karibu chote. Cha mwisho hakikurudi, kilibaki kimejikunja, na nguvu ya kubana haikuwa ile ya zamani. Alisuka tena, polepole, kwa kutazama.

Miaka ile ile ikaja semina. Daktari kijana alituchorea ubaoni seli ya ulinzi, duara kubwa, na juu yake akachora vijiti vijiti. Akasema ni vipokezi. Kijidudu cha ukoo wa ukoma na kifua kikuu kikija, mafuta ya ngozi yake yanagusa kijiti, kijiti kinapeleka ishara ndani, seli inaamka na kuita wenzake. Pasipo ishara, askari amesimama mlangoni na hajui kama ameingiliwa. Nikanyoosha mkono nikauliza habari za ndugu wawili. Akafikiri. Akasema huenda wamerithi vijiti tofauti kidogo, huenda ni kitu kingine kinachoamua ishara ikiingia ielekee wapi, watu wanatafuta. "Bado hatujui," akasema, na Mzee Matimbwa pembeni yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake likitajwa redioni.

Mimi kichwani nilikuwa nimeshaona kamba na makopo. Kamba ya Zaina ililegea, nguruwe wakapita, wakala shamba taratibu, na mlinzi amelala fofofo. Kamba ya Siwema ililia sana, mlinzi akaamka na mawe, akarusha gizani mpaka mpunga wake mwenyewe ukalala. Hapo nilidhani nimeelewa. Nilipofika nyumbani nikakuta maswali yamezaana. Zile prednisoloni alizokula Zaina, ambaye makopo yake hayakulia tangu mwanzo, zilimfanya nini? Klofazimini aliyokula Siwema bila kuandikiwa, je, nayo haikumpoza? Wanasema ina tabia ya kutuliza. Kidole kile kingepona kama vidonge vingekuwa vyake vyote, au kilishakufa dunguni kabla hata hatujakiona? Nimewauliza madaktari watatu, nimepata majibu matatu, yote mazuri. Nanyi mkipata la nne mniletee, chai ipo.

Mzee Matimbwa alitangulia mbele ya haki zamani. Mimi baada ya kustaafu nilipanda basi nikaenda Nyamwage, siku hizi unapita darajani hata maji huyaoni. Nilitaka kuwaeleza. Niliona ni haki yao wajue, wamengoja tangu siku ile ya kopo.

Niliwakuta barazani, wazee sasa kama mimi. Walipona wote wawili, vijidudu viliisha. Ila Zaina ugonjwa ulimwachia ganzi ya mikono, vidole vyake vina nguvu tele lakini havisikii moto wala mwiba. Siwema alikuwa anasuka ukili kwa vidole vyake vilivyofunguka, na Zaina anaunga kili hizo kwa sindano ndefu ya kushonea mikeka, kazi ya kubana na kuvuta ambayo mdogo wake haiwezi tena. Nikapewa mkeka nikakaa. Nikawaeleza habari za vijiti, na kamba, na makopo, na nguruwe. Walisikiliza bila kuacha kazi.

"Kwa hiyo yangu ililia kupita kiasi," Siwema akasema.

"Ndiyo."

"Na yangu?" Zaina akauliza.

"Yako haikulia."

Akavuta uzi, akafikiri. "Wangetupa kamba moja tukate katikati," akasema. "Tusingekusumbua."

Siwema akacheka, macho kwenye ukili. Nami nikacheka nao, nikiwaza bado sijaelewa, nimesafiri njia yote hii na sijaelewa. Sindano ikaingia, ikatoka. Mara Siwema, bila kuinua kichwa, akasema, "Dada, damu."

Zaina akakitazama kidole chake. Sindano ilikuwa imemchoma, tone limeanguka juu ya ukindu mweupe. Akakifuta kwenye kanga, akakigeuza, akaendelea kushona.

"Huwa ananiambia yeye," akanieleza.